Santuri tisa za Tanga zimepotelea njiani: nidai fedha zangu au niendelee kusubiri?

SindanoMoja, 25 Mei
Ndugu zangu, naombeni ushauri. Tarehe 3 Machi nilinunua santuri tisa ndogo za mizunguko 45 kwa dakika kutoka kwa muuzaji aliyeko Ujerumani, nyingi zikiwa za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mji huu huu ninaoishi. Zilitengenezwa kiwandani Nairobi, zikauzwa hapa madukani wakati wa ujana wa baba yangu, na leo mtu wa Tanga anazifuata Ulaya! Nililipa euro 140 kwa PayPal, gharama za kutuma zikiwa humo. Kifurushi kilitumwa tarehe 5 Machi, na nikiingiza namba ya ufuatiliaji naona kiliondoka Frankfurt tarehe 11, kisha hakuna taarifa nyingine yoyote. Kila Ijumaa nafungua sanduku langu la posta na kukuta ankara tu. Muuzaji ananijibu kwa adabu kwamba vifurushi vya Afrika huchelewa, nivumilie hadi mwanzoni mwa Septemba atakaporudi kutoka likizo ndefu, na kama vitakuwa havijafika atanirudishia fedha mwenyewe. Wanunuzi wengine wanamsifu sana, nami sipendi kumchafulia jina mtu ambaye pengine hana kosa, lakini fedha hizo kwangu si kidogo. Nifanyeje?

BintiNgamiani
Kabla ya kujadili uaminifu wa muuzaji, tazama kalenda. PayPal humpa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua malalamiko, na kwa hesabu yangu siku zako zinaisha tarehe 30 Agosti, wakati yeye anakuomba usubiri hadi Septemba. Simsingizii hila, kwa sababu huenda hata hajapiga hesabu hiyo, ila wewe ukikubali utakuwa umebaki na ahadi yake tu mkononi. Angalia pia kwamba ukishafungua malalamiko unakuwa na siku 20 za kuyapandisha yawe madai rasmi. Zikipita, yanafungwa na huwezi kuyafungua tena. Kwa hiyo usiyafungue leo kwa hasira halafu ukayasahau.

MzeeWaGramafoni
Mdogo wangu, nakubaliana na kalenda ya binti, lakini usianze na kesi. Watu wanaouza santuri za bendi zetu huko Ulaya ni wachache na wanafahamiana, na ukimshtaki mmoja kabla ya kumweleza shida yako, keshokutwa itatokea santuri unayoitafuta miaka yote na utaambiwa imeshauzwa. Mwandikie waziwazi kwamba mwisho wako ni katikati ya Agosti. Mimi kifurushi changu kimoja kilikaa njiani miezi minne na kikafika, ingawa kwa joto la huko kilikolala santuri ilikuwa imejikunja kama chapati iliyotolewa motoni.

BahashaKaki
Nimechambua barua kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba kuuliza: hiyo namba yako ina herufi gani mwanzoni na mwishoni?

SindanoMoja
Inaanza na UM, zinafuata tarakimu tisa, kisha DE.

BahashaKaki
Basi kimya hicho kina maelezo yake. DE ni Ujerumani. Herufi R mwanzoni ingekuwa na maana kwamba kifurushi kimesajiliwa, na kila kinakopita kinaandikwa. U ni barua ya kawaida, na mistari ile ya namba (barcode) imewekwa kwa ajili ya taarifa za forodha tu, hivyo kikishatoka nchini mwao hakuna anayelazimika kukisoma tena. Usidhani kimekwama Frankfurt, maana kinaweza kuwa kimeshafika Tanga muda mrefu. Uchunguzi rasmi huombwa na aliyetuma, katika posta ya kwao, ndani ya miezi sita, lakini kwa barua isiyosajiliwa usitegemee kulipwa fidia. Jambo la haraka ni kumwomba muuzaji picha ya bahasha, kwa kuwa wauzaji wazoefu huipiga kabla ya kutuma. Ukiipata, soma namba ya sanduku tarakimu kwa tarakimu. Wajerumani huandika moja yenye mkia mrefu unaopanda kutoka kushoto, na kwa macho yetu hiyo ni saba kabisa.

SindanoMoja, 29 Mei
Picha ilikuja usiku uleule. Sanduku langu ni 1171. Kwa mwandiko wake, na mimi mwenyewe ningesoma 7177. Niliipeleka picha hiyo dirishani posta pamoja na kitambulisho, nikaelekezwa kwa mwenye sanduku hilo, ambaye ana duka la pembejeo. Karani wake alikuwa amebana hati mbili za kuitiwa kifurushi chini ya kikokotoo, akisubiri bosi wake aseme kama kuna kitu aliagiza Ujerumani. Kifurushi kilikuwa bado hakijarudishwa kwa mtumaji. Santuri zote tisa zimo, na muuzaji nimemwarifu, nikamwomba siku nyingine anwani yangu aichape kwa mashine. Ila moja ya Jamhuri Jazz imejikunja upande mmoja: sindano inapanda na kushuka, ingawa haijaruka hata mara moja. Mzee, niinyoshe kwa njia gani?

MzeeWaGramafoni
Usiinyoshe. Pasi na jua zimeniulia santuri tatu, na hizo hazikuwa za kupatikana tena. Maadamu sindano haitoki kwenye mfereji, ipige hivyo hivyo ilivyo, na ukimaliza uisimamishe wima kabatini pamoja na wenzake.