Asimov tuanze naye wapi? Mimi nasema roboti kwanza

Wakuu mwangaluka. Huku Nyegezi tuna kikundi cha kusoma vitabu, mwezi ujao zamu ya Isaac Asimov, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kubuni za kisayansi, na tumegawanyika vibaya, maana huyu mzee kaacha vitabu zaidi ya 400 na kila mtu anavutia kwake.

Wenzangu wanataka tufuate matukio yalivyofuatana, yaani tuanze na Prelude to Foundation kwasababu ndiyo inaeleza ujana wa Hari Seldon, yule mtu wa hesabu aliyeona dola la galaksi nzima linaenda kuanguka. Na wanao ushahidi, Asimov mwenyewe mwanzoni mwa kitabu hicho kaorodhesha vitabu vyake kwa mtiririko wa matukio. Sawa, lakini jamani isomeni hiyo orodha mstari wa kwanza! Inaanza na hadithi fupi za roboti, Prelude iko ya tisa.

Halafu Prelude imetoka 1988 wakati hadithi za Foundation, mfululizo wake kuhusu hilo dola linaloanguka, zilianza kutoka kwenye jarida 1942, kwahiyo alikuwa anawaandikia watu waliokaa naye miaka mingi. Mwishoni kuna mtu anafunuliwa ni nani hasa (simtaji, nisiwaharibie), sasa kama hujakutana naye kwenye riwaya yake ya upelelezi, The Caves of Steel ya 1954, utamwangalia hivi hivi tu, na ule ndio utamu wenyewe wa kitabu.

Nimeliona kwa mdogo wangu, kamaliza fomu foo mwaka jana. Nilimpa Prelude akaishia njiani, kikakaa juu ya kabati miezi. Siku tunaenda Ukerewe nikamtilia I, Robot ya 1950, kitabu cha hadithi fupi za roboti, kwenye begi. Kwenye meli kaanza na Robbie, yule roboti mlezi asiyeongea ambaye katoto Gloria anamsimulia Cinderella kila siku na hachoki kusikiliza, dogo hata dirishani haangalii. Akaingia hadithi ile ya kwenye sayari ya Utaridi, roboti katumwa kuleta seleni (aina ya madini), sheria moja kati ya alizowekewa roboti inamwambia tii amri, nyingine inamwambia jilinde, na kule kwenye seleni kuna hatari, basi akisogea anarudi, akirudi anasogea, anabaki anazunguka tu kama mlevi. Dogo akainua kichwa akaniuliza, "Kaka, kwahiyo angeambiwa kwa ukali angeenda?" Ndiyo! Amri ilitolewa kawaida tu bila msisitizo, ndio maana ikalingana nguvu na ile ya kujilinda. Kaliona mwenyewe kabla hatujafika Nansio, na kiingereza chake ni cha kawaida kabisa, sentensi za Asimov hazina makorokoro.

Ndio maana nang'ang'ania: I, Robot, halafu The Caves of Steel, ndipo Foundation ya 1951 na mbili zinazoifuata, Prelude baadaye kabisa. Hadithi fupi zina faida nyingine pia, nakala tunayo moja tu ya kupokezana, mtu anasoma mbili usiku asubuhi anampa mwenzake.

Jumamosi tunapiga kura. Mliosoma, hasa mlioanza na Prelude mkafika mwisho, naomba mniambie kweli, yule mtu alipofunuliwa mlishtuka au mlifunua tu ukurasa?