Naomba ushauri: kupeleka stesheni ya Voi kwenye maonyesho ya treni ndogo

Wakuu, habari zenu. Naishi Uingereza, na klabu moja imenialika kuonyesha reli yangu ndogo. Ni stesheni ya Voi miaka ya 1950, pale njia ya Taveta na Moshi inapochepuka kutoka reli ya Mombasa–Nairobi. Uwiano ni 1:87, hivyo badala ya reli yenye upana wa mita moja kati ya vyuma, natumia ya milimita 12.

Kinachoninyima usingizi ni maungio. Reli yote imejengwa juu ya mbao mbili zinazounganishwa. Nyumbani treni inapita bila shida, lakini nikizisafirisha kwa gari na kuzifunga upya, ncha za reli zinapishana kidogo tu, kama unene wa ukucha, na hapo hapo magurudumu yanaruka. Garratt ya daraja la 59 (injini ndefu ya mvuke yenye viungo), yenye urefu wa sentimita 36 hivi kwa uwiano huu, ndiyo inayotoka relini kwanza. Nataka kutia pini za shaba kati ya mbao, kisha nichomelee ncha za reli kwa risasi juu ya vichwa vya skrubu. Aliyejaribu, inadumu?

Halafu kimo cha meza. Wengi wanashauri usawa wa kifua, na kweli treni inapendeza ukiitazama kwa ubavu. Ila watoto nao waone! Mnaweka kigoda au mnashusha meza?

Na ule udongo mwekundu wa Voi, chini ya taa za ukumbini unageuka rangi ya chungwa. Mnatumia taa gani?