Naomba ushauri: utafiti wa majeraha ya kaiti na utengamao wake (kumrejesha majeruhi katika uwezo wake), nikiwa Uganda

NakatoFizio (Mbarara)
Wandugu, habari za jioni. Nasoma fiziotherapia, niko mwaka wa mwisho, na nataka utafiti wangu uhusu majeraha ya kaiti, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao majini ukivutwa na tiara kubwa. Tangu uingie Olimpiki Paris 2024 umezidi kujulikana, na Afrika Mashariki wenye ajira humo ni vijana wetu wa pwani.

Utafiti ninaourejea sana ni wa Kijerumani wa mwaka 2004. Walifuatilia wachezaji 235 kwa miezi sita, wakaandika majeraha 124, yaani takriban 7 kwa kila saa 1,000 za kucheza. Unyayo na kifundo cha mguu vilichukua asilimia 28, kisha kichwa, kifua na goti. Zaidi ya nusu ya majeraha yalihusishwa na mtu kushindwa kujinasua kutoka kwenye kaiti ilipomshinda nguvu. Ni kazi nzuri, lakini mimi nataka kujua yanayofuata. Nani alirudi majini, baada ya muda gani, na alifanyishwa mazoezi gani?

Msimamizi wangu anasema Uganda sitapata watu wa kutosha, nibadilishe niende kwenye mpira wa miguu. Nishike lipi?

Mzee_wa_Entebbe
Binti yangu, msikilize mwalimu wako. Hapa Entebbe wanaorusha hiyo kitu ni wachache mno, na wengi ni wageni. Wanaovunjika miguu kila wiki Uganda hii ni vijana wa boda na wa mpira. Hao ndio wanaokungoja.

Mwalimu_wa_Kusi (Diani)
Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, nakataa. Mimi nafundisha kaiti hapa Diani, kaskazi na kusi. Mgeni akiumia, bima yake inamshughulikia na anaenda kutibiwa kwao. Mwalimu wa kienyeji akiumia, siku asiyoingia majini halipwi. Kwa hiyo anafunga bandeji, anameza dawa ya maumivu, kesho yuko majini anamshikilia mwanafunzi. Nawafahamu wenzangu ambao kifundo kilichoteguka hakijawahi kupona vizuri, kinateguka tena kila msimu. Hao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Dada Nakato, ukija na maswali yako, usiulize tu kiungo gani kiliumia. Uliza ajali ilitokea wapi. Wanaoanza wanaumia sana mchangani au kwenye maji ya magoti: kaiti inapandishwa, upepo unakuja kwa nguvu, mtu anaburutwa kabla hajakifikia kifungulio cha dharura. Waliobobea wanaumia wakitua baada ya kuruka juu. Mguu umeshikwa na mkanda wa ubao, kaiti inauzungusha mwili upande mwingine, goti linalipa. Uliza pia mgongo. Ule mkanda wa kiunoni unavuta kutwa nzima, na maumivu yake watu hawayahesabu kuwa jeraha kwa sababu hayakuja siku moja.

Dodoso_na_Takwimu (Kampala)
Hilo la mgongo alilosema Mwalimu ndilo linaloangusha tafiti nyingi. Ukiuliza "umewahi kuumia?" utapata mifupa iliyovunjika tu, kwa kuwa ndiyo watu wanayoikumbuka. Kuna dodoso la kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo, OSTRC, lililotengenezwa kwa ajili ya matatizo yanayojijenga polepole: kila wiki unamuuliza mtu kama alishindwa kushiriki, kama alipunguza mazoezi, kama uwezo wake ulishuka, na kama alipata maumivu. Maswali manne yanajibika kwa simu. Andika na saa alizokaa majini wiki hiyo, maana bila saa huwezi kulinganisha na Wajerumani wala na mtu mwingine.

Kuhusu idadi, msimamizi wako ana hoja ikiwa unataka asilimia. Lakini swali lako la nani anarudi, na kwa nini anarudi mapema, linajibika kwa mahojiano ya kina na watu wachache waliochaguliwa vizuri. Badilisha mbinu, mada ibaki.

Vibali uvianze sasa. Utahitaji kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha usajili UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Ukivuka kwenda Diani, Kenya wana NACOSTI yao, tume inayotoa vibali vya utafiti, na kibali cha Uganda hakikufikishi huko. Makala za kulipia, uliza maktaba yenu kama ina Hinari, mpango wa WHO wa kusoma majarida ya afya bure au kwa bei nafuu, kabla hujatoa shilingi yako.

Fizio_wa_Jinja
Mwenzangu, nafurahi kuona mada hii. Mimi natibu wapiga kasia wa Mto Nile, mabega hasa. Usiwachanganye na watu wa kaiti ili kuongeza idadi, mwendo wa mwili ni tofauti kabisa.

Kwenye utengamao, usipime kwa kalenda peke yake. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti, ile ACL, utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi aliochelewa kurudi michezoni, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Lakini miezi tisa bila mazoezi haimjengi mtu. Muulize kama alipimwa nguvu ya paja, mguu mmoja dhidi ya mwingine, na kama aliruka na kutua kwa mguu mmoja mbele ya fizio kabla ya kuruhusiwa. Nakuhakikishia wengi watasema waliambiwa "pumzika" basi. Jibu hilo liandike lilivyo, ni matokeo makubwa.

NakatoFizio
Asanteni sana, na Mzee, nimekusikia pia. Nitampelekea msimamizi wazo la mahojiano na walimu wa kaiti wa pwani, pamoja na yale maswali ya kila wiki kwa simu. Mwalimu, wenzako watakubali kuongea?

Mwalimu_wa_Kusi (Diani)
Watakubali, kwa sharti moja. Wakuu wa shule zetu wasijue nani kasema nini. Mtu akijulikana ana goti bovu, msimu ujao hapewi wanafunzi.

Dodoso_na_Takwimu (Kampala)
Basi usipitie kwa mameneja kupata orodha. Mwalimu awape wenzake namba yako, anayetaka akutafute mwenyewe. Kila mmoja mpe namba ya siri badala ya jina, na usitaje shule wala ufukwe kwenye ripoti. Walimu ni wachache kiasi kwamba "mwalimu wa kike mwenye jeraha la bega" tayari ni jina. Liandike hilo kwenye ombi lako la maadili, kamati italiulizia.