Frijza na AC za mitumba zenye R22, zipigwe marufuku kabisa ama tuachiwe?

KondeleMoja: Wadau, nimeona tena lori likishusha frijza na AC za mitumba hapa mjini Kisumu, nyingi ni za R22, ile gesi ya kupoza inayokula ozoni, tabaka la juu linalotukinga na miale mikali ya jua. Dunia ilikubaliana Montreal 1987 kuachana na gesi za aina hii, Kenya ikaingia 1988, na mpaka leo bado tunapokea vyuma ambavyo wenyewe wamevichoka. Mimi nasema marufuku kabisa, hata spea. Na hao mafundi wa kando ya barabara wanaofungulia gesi hewani ndio wanatutobolea anga, wengi hawajui hata wanachoshika. Mnaonaje?

FundiBaridi_Kibuye: Ati hatujui tunachoshika? Hapo umenitukana mimi na marehemu babangu aliyenifundisha hii kazi. Mimi nikishika kompresa najua ni ya gesi gani kabla sijasoma kibandiko. Wewe umewahi kushika geji ya kupima gesi?

MwalimuKemia: Tuache matusi jamani. Wanasayansi Rowland na Molina walisema tangu 1974 kwamba klorini ya hizi gesi ikifika juu inavunja ozoni, na chembe moja inaweza kumaliza hata molekuli 100,000 kabla itulie. Kampuni zikabisha miaka mingi, 1985 Waingereza wakaona upungufu mkubwa juu ya Antaktika. Kuhusu R22, nchi zetu zilipewa ratiba ya kupunguza: 2013 kusimamisha matumizi yasipande tena, 2030 karibu kuimaliza. Kwa hivyo swali la marufuku lilishajibiwa, lililobaki ni nani atamlipia fundi mashine ya kunyonya gesi ili asiimwage. Kuna mfuko wa kimataifa wa kazi hiyo tangu miaka ya 90.

FundiBaridi_Kibuye: Mwalimu mimi sikuanza matusi. Msomee aliyeanza.

DungaMama: Mimi nauza mbuta na ngege hapa Dunga. Frijza yangu fundi amejaza gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara ananiambia gesi imeisha. Mara ya mwisho samaki wa siku mbili walioza wote nikawatupa huku nalia. Nauliza tu, gesi inaisha aje na hiyo kitu imefungwa?

KondeleMoja: Si ndio hiyo nilisema!!

FundiBaridi_Kibuye: Mama pole sana. Gesi haiishi, inavuja. Fundi wa kweli anatafuta mahali inatokea, hata kwa povu la sabuni, anachomelea, anavuta hewa yote kwa vakyum ndio ajaze. Aliyekujazia mara tatu bila kutafuta tundu amekuibia na amemwaga gesi mara tatu. Lakini Kondele usimchukue huyo mmoja ukatupaka sote. Na friji ya nyumbani haikuwa na R22, zamani ilikuwa gesi ya R12, siku hizi ni za R134a ama R600a. Ulianzisha mjadala hujui hata hilo.

KondeleMoja: Soma vizuri, niliandika frijza na AC. Friji umeileta wewe.

BintiWaNaivasha: Mimi natoka upande wa Nakuru na mnaniudhi mkiongea kama ozoni iliharibiwa na mafundi wa Kibuye huko Kisumu. Mama yangu alifanya kazi shamba la maua Naivasha enzi za methili bromaidi, walikuwa wanaifunika na plastiki kuua wadudu wa udongo, na hiyo pia inakula ozoni. Kuambiwa waache, wenye mashamba wakasema biashara itakufa. Haikukufa, wengine wakatumia mvuke, wengine wakapanda kwenye kokoto za pamisi, maua bado yanapanda ndege kila usiku. Wakubwa walipewa muda na wataalamu. Huyu wa geji moja mnamletea polisi.

KondeleMoja: Nani ametaja polisi? Dada usiniwekee maneno mdomoni.

Mtulivu_Kakamega: Na ile CFC-11, gesi nyingine inayokula ozoni, iliyogunduliwa 2018 kwamba inatoka upya mashariki mwa Asia, kwa viwanda vya povu vya China, hiyo nayo ni fundi wa Kibuye alifungulia? Halafu hata R134a mnayotusukumia haigusi ozoni ndio lakini inapasha dunia joto, ndio maana wakaketi Kigali 2014 wakaongeza masharti mengine. Sasa tunaambiwa twende R290 ambayo ni propani, kitu inashika moto! Weka hiyo kwa kibanda chenye jiko la makaa uone.

MwalimuKemia: Kigali ilikuwa 2016. Na hakuna aliyejibu kuhusu mfuko.

FundiBaridi_Kibuye: Mtulivu usiogopeshe watu. R290 inajazwa kidogo sana, unafungua milango hewa ipite, paipu unakata na kifaa cha kukatia, huchomi moto gesi ikiwa ndani. Nimefanya nyingi na nyumba zimesimama. DungaMama frijza yako kama ni R22 usikubali mtu akuwekee R290 juu yake, haikutengenezewa hiyo, ilete Alhamisi asubuhi nitafute tundu kwanza, kama halipo hulipi.

DungaMama: Asante mwanangu. Alhamisi ni siku ya soko, naweza kuja Ijumaa?

KondeleMoja: Fundi bado nakuuliza na unazunguka. Hiyo R22 ya mama ukiitoa utaiweka wapi, uko na mashine ya kunyonya ama utaifungulia hewani? Na cheti uko nacho?

FundiBaridi_Kibuye: Mashine sina. Inauzwa pesa ambayo sijawahi kushika. Cheti ndio naenda kufanya. Mama Ijumaa ni sawa.