Nauza dume langu la ng'ombe aina ya Boran, mpole sana, lakini sitaki aishie bucha

mfugaji_kongwa
Habari zenu wakuu. Nina dume la Boran hapa Kongwa, nilimchukua ranchi 2021 akiwa na miaka miwili na nusu hivi, mwekundu, nundu imekaa vizuri na karatasi zake ninazo. Ndama alionizalia ukiwaona tu unajua baba yao ni nani. Sasa shida imeanzia hapo hapo, mitamba wake wa mwanzo wameshafikia kupandwa na mwezi uliopita nimemkuta malishoni anamfuatafuata mmoja, mwanae kabisa, nkaona hapana, muda wake kwangu umeisha. Kuwatenganisha siwezi, zizi moja mchungaji mmoja.

Juzi wamekuja madalali wakampapasa kiunoni na mapajani afu wakataja milioni moja na laki nane, yaani wanahesabu kilo tu. Wakuu huyu dume mwanangu wa darasa la tano anamshika kamba anampeleka josho peke yake, jioni ukija na ndoo ya pumba anakuja taratibu anakuwekea kidevu begani anasubiri umwagie. Kwakweli nikimpakia lori la mnada wa Pugu akachinjwe sitalala. Nawezaje kumpata mtu wa kumtumia kwa mbegu? Bado ana miaka mingi ya kazi.

Mama Mitamba
Pole kaka, na hongera kwa kuliona mapema. Huku Kiteto kuna boma dume alikaa miaka nane, akapanda mabinti mpaka wajukuu, sahivi ndama wanazaliwa vidogo, wengine hawafiki mwezi, na majike wanarudia joto kila mara, mwenyewe anasema karogwa. Baba akimpanda binti yake hiyo damu imejirudia robo nzima, si mchezo.

Mnadani usimpeleke. Tafuta mfugaji wa mbali kidogo mwenye tatizo kama lako mbadilishane madume, wewe unapata damu mpya na yeye anapata dume ambaye watoto wake anawaona kwa macho. Kama lazima uuze basi bei yake iwe juu kuliko bei ya nyama, hapo hakuna wa bucha atakayemgusa maana hasara yake. Ila ujue ukishapokea hela si wako tena, hata mkiandikishiana kwa mtendaji, kwahiyo mchunguze mtu kabla. Nenda kwake uone majike yake wana hali gani.

vet_wa_bonde
Mkuu kabla ya yote mwite daktari wa mifugo achukue damu apime brusela, huo ugonjwa wa kutupa mimba, na kama inawezekana wamsafishe govi wapime na yale magonjwa ya kupandana, maana dume anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe anaharibu kundi la watu. Ukiwa na majibu mkononi hata bei unaitetea.

Pili muulize mnunuzi anakaa wapi. Dume aliyekulia sehemu kavu yenye kupe wachache ukimpeleka kwenye kupe wengi ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaweza kumuua ndani ya wiki chache. Achanjwe mapema, asubiri kinga ijengeke ndo asafiri. Kibali cha kusafirisha mifugo ni lazima, na akifika akae pembeni kama mwezi asichanganywe.

boma_la_kati
Mi nina la kusema kuhusu huo upole. Nilinunua dume nikaambiwa mpole, na kweli kwa mwenyewe alikuwa mpole, kwangu mwezi wa pili akambana kijana wangu kwenye nguzo ya zizi mbavu mbili zikavunjika. Baadae ndo nkaja kusikia kule alikotoka watoto walikuwa wanamsukuma paji la uso kwa kucheza. Dume ukimzoesha kichwa anajifunza kusukuma, akikua haujui tena kama ni mchezo. Mkune chini ya shingo au kwenye shina la mkia, kichwani hapana. Na mnunuzi umwambie ukweli wote, asiingie naye zizini peke yake hata kama analamba mkono.

mfugaji_kongwa
Asanteni sana, hasa boma_la_kati, pole kwa kijana. Nimemuuliza mwanangu akakiri huwa anamkuna pale pale kwenye paji la uso, nimemkataza na kumpeleka josho nakwenda nae mimi.

Mrejesho: kuna mzee kutoka Gairo amekuja jana, ana majike 22, amekaa masaa mawili anamwangalia anavyotembea, akaomba kuona ndama kabla hata ya kuuliza bei, hapo moyo ukatulia. Atanipa dume lake la miaka miwili na laki tano juu. Ameomba mchungaji wake aje alale hapa siku mbili amzoee kabla hawajaondoka nae, nimekubali. Damu imeshachukuliwa kwa madume yote mawili, majibu Ijumaa.