Mtoto anamcheka fisi aliyetumbukia shimoni: vitabu vya picha vitamfunzaje huruma?

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nina binti wa miaka minne na nusu, yuko PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, na kila jioni baada ya chakula tunasoma kitabu kimoja cha picha. Juzi tulifika pale sungura alipomhadaa fisi akatumbukia shimoni, machozi yakimtiririka, na binti yangu akacheka hadi akapaliwa. Nilipomuuliza hadithi hiyo inatufunza nini, alijibu papo hapo, "Tuwe wapole," kisha asubuhi yake akampokonya mdogo wake kikombe cha uji. Je, vitabu hivi visomwe vipi ili huruma iingie moyoni, isiishie mdomoni?

Mwalimu wa chekechea, Nakuru
Mama, usimlaumu. Ngano zetu za sungura humsifu mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili, na mtoto, ambaye kila mtu nyumbani humwamuru, hana budi kumshangilia. Kinachonisumbua ni lile swali la "inatufunza nini", ambalo sisi walimu tumelirudia kupita kiasi, hasa tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) wa shule zetu za Kenya uanze kutekelezwa mwaka 2019 na upendo ukahesabiwa miongoni mwa maadili yake ya msingi. Watoto wameshajua jibu linalotupendeza.

Mimi nimeliacha. Hufunika maneno kwa kiganja, nikawaacha watazame picha tu: masikio ya huyu yamesimama au yamelala? Nani mwingine ameona, na amefanya nini? Wiki iliyopita tulikuwa na picha ya kobe aliyepinduka chali, na pembeni kuku anadonoa mahindi. Mvulana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi alimnyoshea kuku kidole, akasema, "Huyu anajifanya haoni." Ukazuka ubishi mkubwa, wengine wakidai kuku ana njaa, na wakati wa uji ulipofika hatukuwa tumefungua ukurasa wa pili.

Baba wa wawili, Kakamega
Nakubaliana na Mwalimu, ila naongeza kwamba kitabu kisikumbushwe wakati wa kugombeza. Niliwahi kumwambia mwanangu, katikati ya ugomvi, "Unafanya kama yule fisi," na tangu siku hiyo hakutaka kukiona kitabu kile. Kwa wasio na uwezo wa kununua vitabu kila mara, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za picha za bure, kwa Kiswahili na kwa baadhi ya lugha zetu za nyumbani, nazo zinaruhusiwa kuchapishwa. Sisi huzisoma kwenye simu, ingawa kioo kidogo huzifanya nyuso zisionekane vizuri, na nyuso ndizo tunazozihitaji.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Mwalimu, nimeshukuru. Jana nilirudia kitabu kilekile nikiwa nimefunika maneno. Alicheka tena, lakini safari hii kidogo, kisha akaniambia fisi ana matope sikioni, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Baadaye akauliza nani atamtoa, na sikuwa na jibu kwa kuwa hadithi inaishia hapo. Akaenda kuleta penseli ili amchoree fisi kamba, nami nikawahi kumpa karatasi, kwa maana kitabu ni cha maktaba.