Bustani ya jiji inatufia tukiiona. Tuanzie wapi?

Kivuli cha Mchana (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wadau. Nina jambo linanisumbua, na kwa aliyewahi kupitia kitu kama hiki naomba uzoefu wake zaidi kuliko pole.

Nakaa jirani na bustani ya jiji. Asubuhi nakatiza humo kwenda kazini, jioni nikirudi nakaa nusu saa kwenye benchi ndipo niende nyumbani. Mimi si mwanaharakati, hata kikao cha ukoo sijawahi kukiongoza. Ila yanayoendelea pale tangu mwaka jana yamenikaa kooni.

Ilianza na choo. Kilitiwa kufuli, pakabandikwa karatasi ya "matengenezo". Karatasi imenyeshewa mpaka imeoza, kufuli bado linaning'inia. Likafuata geti la nyuma kufungwa, kwa hiyo wenye viti vya magurudumu na wazee wa magoti wanalazimika kuzunguka bustani nzima mpaka geti kubwa, ambalo lina ngazi. Kisha kona ya kusini, karibu robo ya bustani, ikazungushiwa mabati bila bango lolote. Ukichungulia kwenye tundu unaona magari yameegeshwa juu ya nyasi. Mwisho wa wiki yanafungwa maturubai, mlinzi anakwambia leo kuna shughuli ya kulipia, pita pembeni.

Lakini kilichonivunja moyo ni miti. Ile safu yote ya miti mikubwa ya njia ya kati imekatwa vichwa kwa siku tatu, imebaki kama nguzo za simu. Nilimfuata jamaa mmoja mwenye ovaroli aliyekuwa akikusanya matawi, nikamuuliza kwa nini mnaua miti? Akanijibu, "Mimi nimetumwa." Nikamtolea maneno ambayo sijivunii.

Simu nimepiga halmashauri mara tatu. Wa kwanza alinielekeza idara ya mazingira. Mazingira wakasema hilo ni la mapato kwa sababu eneo limekodishwa. Mapato wakasema andika barua. Kwa nani, hawakusema.

Majirani tuna kundi la simu la watu arobaini na kitu. Nusu wanataka tuandike, nusu wanataka tukang'oe mabati usiku. Naombeni ushauri.

Kengele

Ng'oeni. Barua zitaliwa na panya.

Mzee wa Faili

Kengele, ukiwashauri wang'oe mabati na mawakili utawalipia wewe? Wakifanya hivyo mjadala wa bustani unageuka kesi ya uharibifu wa mali, na aliyejenga uzio bila bango ndiye anakuwa mlalamikaji.

Mwanzisha uzi, nimefanya kazi masijala kwa muda mrefu, nikwambie mambo yanavyokwenda. Barua yenye malalamiko saba hutafutiwa idara saba, na kila idara inasubiri nyingine ianze. Andika barua yenye jambo moja. Tena isiwe malalamiko, iwe ombi: naomba nakala ya mkataba au kibali kilichoruhusu uzio kwenye kona ya kusini, jina la aliyepewa, tarehe ya kuanza na ya kwisha. Lalamiko hujibiwa kwa "tunalifanyia kazi". Ombi la karatasi linajibiwa kwa karatasi, au kwa kukataa, na wakikataa kwa maandishi umepata pa kuanzia rufaa. Nchi nyingi sasa zina sheria ya haki ya kupata taarifa na sheria hizo huweka siku za kujibu. Itafute ya kwako, itaje kifungu kwenye mstari wa kwanza.

Chapa nakala mbili. Moja waache, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akisema haina haja, mwambie kwa adabu kwamba utasubiri. Bila muhuri ule, barua yako haijawahi kuwepo duniani.

Kwa nini nimesema uzio uanze? Choo kinaweza kufunguliwa hata mwakani. Ardhi ya wazi ikishabadilishiwa matumizi kwenye ramani ya mipango miji na mtu akapewa hati, kuirudisha ni kazi ya miaka. Sambamba na barua, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize ile kona imeandikwaje leo.

Sina Upande

Nitatukanwa lakini ngoja niseme. Na mimi natumia bustani ya namna hiyo. Kabla mwekezaji hajaja, ikifika magharibi huwezi kukatiza, simu zilikuwa zinaporwa kila wiki. Leo kuna taa, kuna walinzi, binti yangu anapita saa moja usiku na mimi nalala. Hizo fedha zinatoka kwenye hizo hizo shughuli za kulipia. Msije mkadai kila kitu kirudi kama zamani halafu zamani ikarudi kweli.

Kivuli cha Mchana

Sina Upande, sikutukani. Hata kwetu taa zimewekwa na usiku pamekuwa na afadhali, nilipaswa kulisema mwanzoni. Ninachotaka kujua ni nani aliamua, na fedha za maturubai zinakwenda wapi kama choo kimeshindikana kufunguliwa.

Pogoa Taratibu

Nimestaafu utunzaji wa bustani, naomba niongee kuhusu miti maana naona imepitwa haraka.

Mti mkubwa ukiukata kichwa, hujaupogoa, umeunyang'anya majani yanayoulisha. Utachipua kwa fujo, vichipukizi vingi vyembamba kwa wakati mmoja, na watu watasema mbona umepona. Haujapona. Unatumia akiba. Vile vichipukizi havishiki vizuri kama tawi lililokua na mti tangu mwanzo, vimejishikiza karibu na gome, na vikishakuwa vinene ndivyo vinavyoanguka siku ya upepo. Kidonda kile kipana nacho hakizibi, kinaingiza kuoza mpaka ndani ya shina. Kwa hiyo aliyekata "kwa usalama" ametengeneza hatari itakayokuja baada ya miaka kadhaa, wakati mkataba wake umeshakwisha.

Kupogoa kwenyewe ni kuchagua tawi lililokufa, linalosuguana na jenzake au linaloelemea njia, na kulikata palepale linapoungana na tawi kubwa, ukiacha kile kivimbe cha shina kizibe kidonda. Kazi ya mti mmoja ni ya saa nyingi, haimalizi safu nzima kwa siku tatu. Ukiona kasi ile ujue wamelipwa kwa idadi ya miti.

Na magari juu ya nyasi ni mabaya kuliko yanavyoonekana. Watu hudhani mizizi imezama chini kama ilivyo kimo cha mti. Sehemu kubwa ya mizizi inayovuta maji na hewa iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya mita moja ya juu, na inasambaa kupita mwisho wa kivuli cha mti. Tairi zikikandamiza udongo, hewa inatoka, maji hayapenyi, mti unaanza kukauka kutoka juu baada ya misimu miwili mitatu. Wakati huo hakuna anayekumbuka magari. Kama mnaogopa ya uzio, hili la maegesho lidaini hata kesho, halihitaji bajeti, linahitaji mnyororo tu.

Moja la mwisho, mkuu. Yule wa ovaroli umemkosea. Msumeno hausainiwi na mshika msumeno.

Dada Nyasi

Sisi tulipitia haya. Kilichotusaidia ni kuhesabu. Wiki mbili, kila siku saa zile zile, tulikaa getini kwa zamu tukiandika wangapi wameingia, wangapi wamegeuka kwa sababu ya kufungwa, wangapi wameuliza choo. Waliouliza choo wengi walikuwa akina mama wenye watoto wadogo, na hilo lilimnyamazisha diwani aliyekuja na hoja kwamba bustani inatumiwa na wazururaji. Picha pia, lakini piga ukiwa umesimama mahali pale pale kila mara, vinginevyo watasema umechagua pembe.

Sasa onyo. Tulijitolea kumwagilia wenyewe "kwa muda". Bajeti ya mwaka uliofuata mstari wa maji wa bustani ukafutwa, eti wananchi wameshalibeba. Tulikuwa kumi na wanane, tukabaki wanne, mmoja wao ni mimi na mgongo wangu. Mkijitolea, andikianeni kwanza wao watafanya nini na nyinyi mtafanya nini.

Mpita Njia

Hili la barua dhidi ya mabati limenikumbusha Uhuru Park, Nairobi, 1989. Palitakiwa kujengwa mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani. Wangari Maathai alianza na barua, ofisi hii, ofisi ile, za ndani na za nje, mpaka waliotarajiwa kutoa fedha wakaanza kuulizwa maswali kwao. Alitukanwa sana, lakini mnara haukujengwa. Gezi kule Istanbul mwaka 2013 wao walikaa bustanini kwa miili yao, na ilikuwa na gharama kubwa, watu walikufa katika maandamano yaliyofuata. Simaanishi moja ni sahihi na nyingine si sahihi. Nasema barua ina meno ikifika kwa anayetoa fedha.

Na kwa Sina Upande: fedha za watu binafsi bustanini si dhambi. Central Park, New York, ilikuwa imechakaa sana miaka ya 1970. Mwaka 1980 ikaundwa taasisi ya wapenzi wa bustani, inachangisha na kuitunza, jiji likabaki mwenye mali. Waligawa bustani vipande, kila kipande kina mtunza wake, kwa hiyo pakiharibika anajulikana wa kuulizwa. Shida yake nayo ipo: pale ina majirani matajiri wa kuichangia, bustani za mitaa ya kawaida hazina. Lakini hilo la kipande na mtu wake halihitaji utajiri.

Kengele

Sawa, nimeondoa wazo la kung'oa. Ila tundu la kuchungulia lipanuliwe kidogo 😀

Kivuli cha Mchana

Narudi na mrejesho baada ya siku tisa.

Barua imepokelewa. Karani aligoma kugonga muhuri, nikasema nitasubiri kama Mzee wa Faili alivyonifundisha. Nilisubiri dakika arobaini, akagonga ili nimpishe. Ofisi ya ardhi wamesema kona ya kusini bado ni eneo la wazi, kwa hiyo uzio umesimama kwa kibali cha muda au bila kibali kabisa. Jibu la hilo nalisubiri.

Halafu nilimtafuta yule wa ovaroli nikamwomba radhi. Alicheka, akasema maneno yangu yalikuwa ya upole kuliko ya wengine siku ile. Wadau, zamani walikuwa watunza bustani kumi na mmoja, leo wamebaki wawili kwa bustani nzima. Wale waliokata hawakuwa hata wa kwake, yeye aliambiwa akusanye matawi tu. Na sababu ya kukata? Taa. Nguzo za taa zilisimikwa katikati ya safu ya miti, matawi yakaziba mwanga, badala ya kuhamisha nguzo wakakata miti. Sina Upande, nilikufikiria wewe palepale, maana zile taa na mimi nilizifurahia.

Kumbe naye ana daftari. Ameandika kila amri aliyopewa, tarehe, nani aliitoa, na magari mangapi yameingia kwenye nyasi kila Jumamosi. Amenionyesha. Amesema nikihitaji nipige picha. Swali langu: niambatanishe kwenye barua ya pili?

Sina Upande

Hilo la nguzo sikulijua. Nguzo inahamishika. Niandikeni na mimi kwenye hiyo barua, mseme kuna mtu anataka taa zibaki na miti ibaki.

Mzee wa Faili

Usiambatanishe. Hata picha usipige. Wamebaki wawili, wakiona mwandiko wa mmoja atabaki mmoja. Soma daftari, kisha uliza maswali ambayo majibu yake yamo: tarehe fulani nani aliagiza miti ya njia ya kati ikatwe, na ushauri wa kitaalamu uliotolewa uko wapi? Watakaojibu wataandika wenyewe. Wakiandika uongo utajua, maana ukweli umeshausoma.

Dada Nyasi

Na Jumamosi kaeni nje ya geti mhesabu magari wenyewe. Idadi iwe yenu, isiwe ya kwake.

Kivuli cha Mchana

Nimeelewa. Daftari linabaki kwake. Zamu ya Jumamosi tumeshajiandikisha sita, wawili kati yao ni wale waliotaka kung'oa mabati.

Pogoa Taratibu

Mkiwa pale mwambieni yule jamaa machipukizi asiyafyeke yote hata akiagizwa "kusafisha". Kila mti uachiwe machache yenye nafasi, mengine apunguze kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Akihitaji kuelekezwa, nitakuja.